Tabaka la Arobaini na Tano

1

Tabaka la arobaini na tano lilibanduka bila kuvunjika. Nililipokea kwa viganja viwili kama mtu anayepokea chapati ya moto, nikalilaza kwenye trei, nikaandika namba na saa: saa nne na dakika kumi asubuhi. Nyuma yake, ndani ya shimo la mraba tulilolichonga ukutani tangu jana, likatokeza tabaka la arobaini na sita, jekundu zaidi, likiwa bado na alama za vidole vya mwanamke aliyelisiliba.

"Ndilo hilo?" aliuliza Bibi Nakiete.

"Ndilo, bibi."

"Mbona linafanana na mengine yote?"

"Udongo ni udongo, mama," alidakia Mrutu, fundi wangu, huku akizungushia waya wake kwenye kigurudumu. "Hata sisi tukibanduliwa tutafanana."

"Wewe ukibanduliwa nitakuta ugali mtupu. Umekula sahani tatu jana."

Mrutu alicheka hadi waya ukamponyoka. Bibi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kanga mbili begani kwa ajili ya baridi ya Vuchange, macho yake kwenye lile shimo. Alikuwa ametimiza miaka themanini mwezi uliopita. Siku ileile ya kutimiza aliteremka mlima kwa miguu hadi ofisi ya kata, akajaza ombi la usomaji.

Wateja huwa tunawaambia hivi: udongo mbichi husikia. Chuoni tulifundishwa kwa maneno marefu zaidi, lakini maana ni hiyohiyo. Udongo uliosilibwa ukutani, kwa siku nne au tano unapokauka, hunasa mitetemo ya sauti katikati ya chembe zake. Ukishakauka umefunga, hauongezi neno. Nyumba za saruji hazina kitu. Lakini katika vijiji vya aina ya Vuchange, wanawake husiliba ukuta wa sebuleni kila mwaka kabla ya masika, na tena kila yanapoanuliwa matanga, ili nyumba ijue kwamba kilio kimekwisha. Udongo mpya huwekwa juu ya ule wa zamani. Hakuna anayekwangua.

Mashine hulitetemesha tabaka, na msomaji huweka kiganja juu ya sahani ya shaba. Sauti hupanda kwa mifupa ya mkono hadi sikioni. Vinasa sauti vimejaribiwa miaka na miaka, havipati kitu ila mvumo kama wa mvua juu ya bati. Lazima awe mtu, na mtu aliyefunzwa. Na tabaka likishasomwa, chembe zake huachana, linamwagika chini kama unga. Husomwa mara moja tu.

Ndiyo maana kuna sheria. Kila raia akifika miaka themanini ana haki ya usomaji mmoja. Na ndiyo maana kuna kiapo chetu, ambacho niliapa mwaka juzi nikiwa na miaka ishirini na minne, machozi yakinitoka mbele ya wenzangu: sitaongeza, sitapunguza. Niliamini wakati ule kwamba kama matabaka yote ya nchi hii yangesomwa, watu wangepumzika. Nilidhani yaliyopita yanauma kwa sababu tu hayajulikani.

"Bibi," nilisema, "kabla sijaweka mkono, sheria inataka nikuulize unachotafuta. Sema kwa maneno yako mwenyewe."

Alikohoa kidogo.

"Nataka kujua kama mume wangu alimfukuza mwanangu."

2

Nilikuwa nimekwisha kuisoma habari hiyo kwenye fomu, lakini kuisikia kutoka kwake kulikuwa kitu kingine.

Miaka arobaini na moja iliyopita alisiliba ukuta siku ya Jumatatu. Jumanne, kama ilivyokuwa kawaida yake, alibeba tangawizi kwenda gulioni. Nyumbani alibaki mumewe, Elinaja, na mwana wao Kajiru, kijana wa miaka ishirini. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba na mwana walikuwa wamegombana juu ya mbuzi aliyeuzwa bila ruhusa, na asubuhi hawakuongea. Aliporudi jioni, Kajiru hakuwapo. Wala viatu vyake.

"Nikamuuliza Elinaja, mtoto yuko wapi? Akasema, ameondoka. Ameenda wapi? Ameondoka. Mmegombana tena? Ameondoka, Nakiete. Basi. Hilo ndilo neno nililopewa, na sikuongezewa jingine mpaka anakufa."

"Naye Kajiru hakurudi?"

"Wala barua. Wala uvumi."

"Na baba?"

"Nami nikaacha kuongea naye." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema aliacha kutumia sukari. "Miaka thelathini. Nilimpikia, nilimfulia, alipougua nilimlisha kwa kijiko. Lakini neno, hapana. Palipokuwa na watu nilisema kupitia kwao: mwambieni baba yenu chakula tayari. Binti yangu alipoolewa tukabaki wawili tu, nikawa nauambia huo ukuta. Ukuta, mwambie huyo maji ya kuoga yamechemka. Ukuta, mwambie huyo shati lake limetoboka."

Mrutu aliacha kuzungusha waya.

"Yeye alikuwa anajibu?"

"Anajibu. Anasema, ukuta, mwambie ahsante."

Niliyatazama matrei arobaini na tano yaliyopangwa chini, moja juu ya jingine, na baadhi yake yalikuwa na miaka hiyo ndani. Shati limetoboka. Ahsante. Udongo ukishabanduliwa hukaa na sauti zake kwa saa sita tu, na yale ya jana yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Ilikuwa lazima tuyapite ili kufika tunakokwenda. Sikuwahi kabla ya siku ile kujisikia mwizi kwa jambo hilo.

Nikaweka kiganja kwenye shaba.

3

Kwanza huja mvumo. Halafu vitu vya nyumbani: kuni, sufuria, mlango. Halafu, ukitulia, watu.

Nilisema kwa sauti kila nilichokisikia, kama tunavyotakiwa.

"Kuna wanaume wawili. Mmoja mzee kidogo, ana kikohozi. Mwingine kijana. Kijana anasema: 'Baba, hayo maharage unayachemsha au unayabatiza?' Mzee anasema: 'Mama yako alisema yaive.' 'Alisema yaive, hakusema yafe.'"

Bibi alijishika mdomo.

"Mzee anacheka. Kijana anamwigiza mtu, nadhani mwalimu wa kwaya. Anaimba kwa sauti ya puani. Mzee anacheka zaidi, anakohoa. Anasema: 'Usiegemee ukuta, ni mbichi, mama yako atatuua wote wawili.' Kijana: 'Ataanza na wewe, baba. Wewe ndiye mkubwa.' Wanacheka. Wanakula. Mzee anasema maharage ni mabaya. Kijana anasema ni mabaya sana, anaomba aongezewe."

Iliendelea hivyo kwa karibu nusu saa. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na mazungumzo juu ya mfereji wa maji, juu ya msichana mmoja aliyeitwa Sia, juu ya mvua. Kisha sauti zikaanza kuchuja, na tabaka la arobaini na sita likamwagika kutoka ukutani, vumbi jekundu juu ya turubai letu jeupe.

Nilipogeuka, Bibi Nakiete alikuwa ameshuka kutoka kwenye kigoda na kukaa sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Alicheka," alisema. "Elinaja. Mimi nilikuwa nimesahau kama yule mtu alikuwa na kicheko."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo walipatana. Nilipokwenda gulioni nyuma yangu walipatana. Hakumfukuza." Alinitazama, na uso wake ulikuwa na furaha na kitu kingine kibaya kuliko huzuni, vyote kwa pamoja. "Hakumfukuza, mwanangu. Nimemnyima mtu neno miaka thelathini, na hakumfukuza."

4

Ilibaki fomu ya kufunga. Fomu hiyo hutaka tarehe za matanga, ili hesabu ya matabaka ihakikiwe. Nilimwacha alie kwanza, nikamtengenezea chai, kisha nikakaa naye sakafuni.

"Matanga ya mama mkwe wako?"

Alinitajia mwaka.

"Ya binti yako?"

Akataja.

"Ya mzee?"

"Miaka kumi na moja sasa."

"Na ya Kajiru mliyaanua mwaka gani?"

Alishusha kikombe.

"Nani amekwambia nimeanua matanga ya Kajiru?"

"Siku ya mahojiano ya kuhesabu matabaka, bibi, nilikuuliza umefiwa na nani katika nyumba hii. Ulimtaja."

"Nilimtaja kwa sababu sina mtoto. Kaburi liko wapi, niambie? Nisilibe ukuta, niiambie nyumba kilio kimekwisha, halafu kesho abishe hodi?" Alitikisa kichwa, karibu anionee huruma. "Ninyi watoto wa mjini. Asiye na kaburi hasilibiwi."

Nikasema ahsante. Nikaandika kitu, sijui nini. Kisha nikainuka nikatoka nje.

Nilikuwa nimehesabu matabaka yanayoifunika siku ile, kutoka nje kwenda ndani. Arobaini na moja ya kila mwaka. Matatu ya matanga. Na moja ambalo halikuwahi kuwepo. Mwaka alioondoka Kajiru haukuwa tabaka la arobaini na sita. Ulikuwa la arobaini na tano. Nilikuwa nimempa Bibi Nakiete asubuhi nyingine, ya mwaka mmoja kabla, wiki ileile ya kusiliba, gulio lilelile, wanaume walewale wawili nyumbani. Asubuhi aliyoitaka ilikuwa juu kabisa ya rundo la matrei. Ilikuwa na uhai mpaka saa kumi na dakika kumi.

Saa yangu ilionyesha saa saba kasoro robo.

5

"Usimwambie," alisema Mrutu.

Tulikuwa tumesimama kando ya gari, upande wa paneli za jua, Bibi asitusikie.

"Lazima nimwambie."

"Lazima ya nani? Sikiliza, msomi. Mimi kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita, nimepeleka wasomaji nyumba mia mbili. Unajua wangapi walitoka wakicheka? Sita. Bibi huyu ni wa saba. Amesikia mwanawe anaomba maharage mabaya aongezewe. Unataka nini zaidi?"

"Si siku yenyewe."

"Ni siku! Ilikuwepo, hukuitunga. Sauti ni zao. Hujaongeza, hujapunguza."

"Anadhani ndiyo ya mwisho."

"Basi adhani. Atakufa lini, miaka mitatu, minne? Atakufa na kicheko." Alishusha sauti. "Na pili, haki yake ni usomaji mmoja. Umekwisha. Ukisoma lile trei lazima uandike kwamba ulikosea. Watakufungia leseni, Tumsifu. Mwaka mzima kwa uchache. Mama yako anakutegemea, mimi najua."

Nilikuwa nimelifikiria hilo kabla hajalisema, na nilikuwa nimeliona aibu.

"Kuna jambo hukulisikia," nilimwambia. "Hakusema tu kwamba amefurahi. Amesema amemnyima mtu neno bure. Analia kwa kosa ambalo hatujui kama alilifanya. Labda alimfukuza kweli. Labda alikuwa na haki kunyamaza."

"Ukigundua alimfukuza, utamrudishia nini? Atapoteza na mume pia. Sasa hivi amempata."

Nilitazama chini bondeni, ambako mashamba ya tangawizi yalikuwa yamepangwa kwa ngazi, na mwanamke mmoja alikuwa akipanda mstari kwa mstari bila kuinua kichwa. Nilifikiri: sisi tunasema jana imepita kana kwamba ni jiwe lililoachwa njiani. Lakini Bibi Nakiete alikuwa ameishi miaka thelathini kwa jana aliyoikisia mwenyewe, na tangu saa tano asubuhi ile alikuwa anaishi kwa jana niliyompa mimi. Zote mbili zilikuwa kazi ya mikono ya mtu. Kama ningenyamaza, ningekuwa nimemchagulia maisha yake yote ya nyuma, mimi, mgeni, kwa sababu ya kukosea hesabu.

"Siwezi kuyabeba kwa niaba yake," nilisema. "Ni yake."

Mrutu alifuta mikono kwenye suruali.

"Haya. Lakini mimi sitaingia. Mimi nitakuwa hapa nakagua matairi."

6

Nilimwambia bila kuzunguka. Nilipiga magoti kwanza, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumkosea mtu mzima kiasi kile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile siku ya maharage. Imekwisha kabisa?"

"Imekwisha, bibi. Imemwagika."

"Ilikuwa siku nzuri. Ilikuwa imekaa humo miaka yote hiyo, nzima, nami nalala chumba cha pili." Aligusa vumbi kwa kidole. "Umeniunguzia siku nzuri, mwanangu."

"Nisamehe."

"Sasa iko wapi?"

"Iko kwangu. Na kwako. Nilikusimulia yote."

"Kwako na kwangu," alirudia, akipima. "Mimi nina miaka themanini. Basi wewe usife mapema."

Nje Mrutu alikuwa akigonga tairi lilelile.

"Huna ulazima," nilimwambia. "Saa kumi likinyamaza, limenyamaza. Unaweza kubaki na hii. Hakuna atakayekulaumu."

"Nikibaki na hii nitakuwa nimemsamehe Elinaja kwa siku isiyo yake." Aliinuka kwa kushika ukuta, pole pole. "Nilimhukumu bila kusikiliza. Sasa nimwachilie pia bila kusikiliza? Alikuwa mume wangu. Mara moja tu, nimsikilize. Lisome."

Nikaleta trei. Ilikuwa saa nane na nusu. Nikaweka kiganja kwenye shaba.

"Mlango," nilisema. "Mbuzi, mbali. Mzee anakohoa. Kijana anasema: 'Baba, yale ya mbuzi nisamehe. Nilihitaji nauli.' Mzee: 'Nauli ya wapi?' Kijana... amenyamaza. Sasa anasema: 'Tuta Kuu.'"

Bibi Nakiete alitoa sauti ndogo. Kila mtu katika nchi hii analijua Tuta Kuu, lile boma la mawe linalozuia bahari isiingie mijini. Wanajua pia ni vijana wangapi wa milimani walilijenga, na wangapi mawimbi yaliwazoa.

"Kaka yangu alifia huko," alisema. "Nilimwapisha Kajiru akiwa na miaka kumi na mitano. Nilimwapisha hataenda. Endelea."

"Mzee anasema: 'Ulimwapia mama yako.' Kijana: 'Ndiyo maana naondoka leo, yuko gulioni. Akinitazama usoni sitaweza.' Mzee anasema hapana. Anasema tena hapana. Kitu kimeanguka, kigoda nadhani. Mzee anasema: 'Mimi nikuzuie vipi, Kajiru, umenipita kimo.' Kijana analia. Anasema: 'Usimwambie, baba. Atanifuata mpaka huko, unamjua. Miezi sita tu. Nitarudi kabla ya vuli nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Niapie.' Mzee amenyamaza. Anasema: 'Niache nimwambie mimi, mwanangu.' 'Niapie, baba.' Mzee anasema... anasema: 'Naapa.' Mlango."

Nilidhani imekwisha. Sauti za nyumbani zilirudi: kuni, kikohozi, mbuzi. Karibu ninyanyue mkono. Kisha nikamsikia tena, karibu sana, kama mtu aliyesimama uso kwa uso na ukuta.

"Mzee yuko peke yake," nilisema. "Anasema: 'Nakiete, kaa chini kwanza.' Amenyamaza. Anasema: 'Nakiete, mtoto ameenda kazini.' Anasema: 'Hapana.' Anasema: 'Nakiete, usikasirike, mtoto ni mtu mzima.' Anatembea. Amerudi. 'Nakiete, mimi niliapa, lakini wewe ni mke wangu.' Ameirudia hiyo. Mara tatu. 'Wewe ni mke wangu.' Anakohoa. 'Nakiete, sikiliza.' Sasa kuna nyayo nje. Kikapu kinawekwa chini. Sauti ya mwanamke."

Nilimtazama Bibi.

"Sema," alisema Bibi.

"Ni wewe. Unasema: 'Mtoto yuko wapi?'"

Na sikulazimika kumwambia neno lililofuata. "Ameondoka," alisema yeye mwenyewe, taratibu, pamoja na udongo, midomo yake na kiganja changu kwa wakati mmoja. Tabaka la arobaini na tano likajaa ufa, likalainika, likamwagika ndani ya trei.

7

Niliijaza fomu mezani pake. Kwenye nafasi ya makosa niliandika kosa langu lote, na namba ya leseni chini yake. Kwenye nafasi ya matokeo, fomu huuliza: swali la mwombaji limejibiwa? Ndiyo au hapana. Niliishika kalamu muda mrefu.

Hakumfukuza. Hilo Bibi alikuwa amelipata tangu asubuhi, kwa siku isiyo yake. Lakini sasa alijua pia kwamba kwa miaka thelathini mtu huyo alikaa kwenye kiti cha pili, akila chakula chake, akiwa na jibu mdomoni. Mwaka wa kwanza angeweza kulisema, na mama angeteremka pwani, na labda angemkuta kijana hai. Alingoja mtoto arudi atimize ahadi yake mwenyewe. Halafu, nadhani, akawa amechelewa mno kusema. Naye mkewe angeweza kuuliza mara ya pili kwa upole, mwaka wowote, jioni yoyote. Hapakuwa na siku hata moja kati ya siku zile elfu kumi na zaidi ambayo mmoja wao hakuwa huru kufungua mdomo. Nilitafuta katika yote niliyofundishwa mahali ambapo wakati uliwalazimisha. Sikupaona.

Niliwahi kuamini kwamba ukweli huwapumzisha watu. Bibi Nakiete hakupumzika. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, macho makavu, taya limekaza, na alikuwa na hasira kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona mwenye umri ule.

"Bibi, pole sana," nilisema.

"Kaapa," alisema. "Kamwapia mtoto. Mimi nimelala kitanda kimoja na kiapo."

Kisha akainuka. Nilitaka kumshika mkono, akanipungia niache. Alitoka kwa mlango wa uani, akapita jikoni, akapita banda la mbuzi, mpaka kwenye migomba ambako walimzika Elinaja. Mrutu, aliyekuwa anapakia mashine, alisimama na waya mkononi. Tulimwona akifika, akisimama pale, akifunga kanga kiunoni kama mwanamke anayejiandaa kwa ugomvi sokoni.

"Elinaja!" aliita.

Sauti ilipanda mlima. Mwanamke wa shamba la tangawizi aliinua kichwa.

"Elinaja, mume wangu, ni mimi. Ni Nakiete. Nimekuja kukugombeza, na leo utanisikiliza mpaka nimalize. Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Kiapo gani cha mtoto wa miaka ishirini? Mimi ungeniambia ningekuua, ndiyo, ningekuua, halafu tungekwenda wote wawili kumtafuta. Unasikia? Wote wawili! Ungebeba maji, mimi ningebeba chakula. Na mimi, mimi ni mjinga kukuzidi, nilikaa pale nakutazama unazeeka. Shati lako la bluu nililishona mara nne. Unadhani nilikuwa nashona kwa sababu ya nini?"

Mrutu alivua kofia. Hakuna aliyetaka kuwasha gari.

Alimgombeza juu ya Kajiru, kisha juu ya mbuzi aliyeuzwa, kisha juu ya maharage yaliyochemshwa mpaka yakafa. Alimpa habari za binti yao alivyofariki, na za mjukuu ambaye Elinaja hakuwahi kumwona, na za paa lililovuja mwaka juzi akalipiga bati mwenyewe. Jua lilikuwa bado juu. Mara kwa mara alinyamaza kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akimwachia mwenzake nafasi ya kujibu, kisha akaendelea.